Changarawe na Maji Yaliyomo Ndani Yake: Upanuzi wa Machimbo na Upimaji wa Maji ya Ardhini

Changarawe wanayoitafuta wajenzi na maji wanayoyategemea wenye visima mara nyingi hukaa katika tabaka moja. Mto wa kale uliotandaza bondeni mchanga mnene na vijiwe vya mviringo uliacha pia nafasi baina ya vijiwe hivyo, na nafasi hizo ndizo zinazopokea mvua, kuihifadhi na kuisafirisha polepole kuelekea mtoni, kwenye chemchemi na visimani. Kwa hiyo mwenye machimbo anapoomba kuongezewa eneo, anaomba pia kuondoa sehemu ya tabaka linalowanywesha majirani zake, hata kama fomu ya maombi haisemi hivyo. Makala haya yanaeleza kinachoyapata maji hayo shimo linapokua, namna yanavyopimwa, na kwa nini upimaji unaoanza baada ya mashine kuingia hauwezi kumtetea mtu yeyote, awe mwenye kisima au mwenye machimbo.

Maji yanavyokwenda ndani ya changarawe

Katika changarawe safi, kiasi cha robo ya ujazo wote ni nafasi tupu. Chini ya kina fulani nafasi hizo zimejaa maji, na sehemu ya juu kabisa ya maji hayo huitwa usawa wa maji ya ardhini. Usawa huo haulali tambarare. Huinama taratibu kutoka mahali mvua inapoingilia kwenda mahali maji yanapotokea, na mwinamo huo ndio unaoyasukuma.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyekuwa ameshughulikia maji ya mji wa Dijon, alichapisha matokeo ya majaribio ya kupitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga. Alionyesha kwamba kiasi cha maji kinachopita hufuata mambo mawili: ukali wa mwinamo na wepesi wa tabaka kupitisha maji. Wepesi huo hutofautiana mno. Udongo wa mfinyanzi hauruhusu hata milimita moja kwa siku, ilhali changarawe inaweza kuruhusu mamia ya mita. Tuchukue tabaka lenye wepesi wa mita 200 kwa siku, mwinamo wa mita 1 katika kila mita 200, na nafasi za robo ya ujazo. Tone la maji humo husafiri kama mita 4 kwa siku. Katika siku 50 limekwenda mita 200. Mtu asiyejua hesabu hii hudhani kwamba kisima kilicho ng'ambo ya shamba kiko mbali na shimo. Kwa maji ya changarawe, huo ni mwendo wa wiki chache tu.

Jambo hili halihusu kila machimbo. Kokoto nyingi zinazojenga Dar es Salaam huvunjwa kutoka miamba migumu ya upande wa Lugoba na Chalinze, ambako maji hupita katika nyufa na hesabu yake ni ngumu zaidi, kwa sababu ufa mmoja unaweza kubeba maji mengi na mwamba wa jirani yake ukawa mkavu. Hapa tunashughulika na changarawe na mchanga wa mabondeni, ambako maji yameenea kila mahali chini ya miguu.

Namna tatu za kuchimba

Namna ya kwanza ni kuchimba juu ya usawa wa maji na kuishia hapo. Ndiyo salama kuliko zote, mradi ibaki kinga ya changarawe kavu ya mita kadhaa chini ya sakafu ya shimo, na kinga hiyo ipimwe kutoka kwenye usawa wa juu kabisa wa masika na si usawa wa kiangazi. Wengi hukosea papo hapo. Shimo lililochimbwa likiwa kavu mwezi wa Septemba hugeuka bwawa mwezi wa Aprili.

Namna ya pili ni kuchimba ndani ya maji bila kuyatoa, kwa kijiko chenye mkono mrefu au kwa mashine inayoelea. Watu husema kwamba kwa njia hii maji hayapotei, nayo si kweli kamili. Katika eneo la hekta 1 lililochimbwa mita 4 chini ya usawa wa maji, hutoka meta za ujazo 40,000 za tabaka. Robo yake ilikuwa maji tangu mwanzo. Robo tatu zilikuwa mawe, na mahali pa mawe hayo, yaani meta za ujazo 30,000, lazima pajazwe na maji yanayovutwa kutoka pembeni. Kazi hiyo ikifanywa kwa mwaka mmoja, shimo hunywa zaidi ya lita 80,000 kila siku bila pampu hata moja kuwashwa. Baadaye kiu hiyo huisha. Lakini machimbo yanayopanuliwa kila mwaka huwa na kiu kila mwaka.

Namna ya tatu ni kukausha shimo kwa pampu ili mashine zifanye kazi pakavu. Hapa usawa wa maji hushuka kulizunguka shimo, kwa kina kikubwa karibu nalo na kidogo kadiri mtu anavyokwenda mbali. Mwaka 1935 Charles Theis, mtaalamu wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, alitoa hesabu inayoonyesha kwamba mshuko huo huendelea kupanuka kadiri pampu inavyoendelea, hadi ufike mahali pa kupata maji mengine ya kuufidia, kama vile mto au chemchemi. Ndiyo maana kisima kisichoathirika mwezi wa kwanza kinaweza kuathirika mwezi wa kumi, pampu ikiwa ile ile. Maji yanayotolewa yakirudishwa ardhini kwa mitaro iliyochimbwa kati ya shimo na visima, mshuko hupungua sana upande huo. Yakimwagwa mtoni, yameondoka.

Upande wa kupanukia

Katika maombi mengi ya upanuzi hutajwa ukubwa wa eneo, na mjadala wote huwa juu ya hekta. Kwa maji, upande ambao shimo linapanukia una uzito kuliko hekta.

Sababu ni kwamba maji yaliyo wazi hulala sawa, hali yale ya ndani ya changarawe yameinama. Shimo lenye urefu wa mita 400 kufuata mwendo wa maji, katika mwinamo wetu wa 1 kwa 200, linaunganisha mahali palipotofautiana kwa mita 2. Bwawa litatulia karibu na katikati. Ukingo wa juu, maji yanakotoka, usawa utashuka kama mita 1, na ukingo wa chini utapanda kama mita 1. Kisima cha mkono kilicho karibu na ukingo wa juu chenye maji ya kina cha mita moja na nusu kitabaki na nusu mita. Wakilirefusha shimo hadi mita 800 kufuata mwendo ule ule wa maji, kuelekea chini, tofauti inakuwa mita 2 kila upande na kisima kile kimekauka, huku mashamba ya upande wa chini yakianza kutuama maji. Lakini kama hekta zilezile zingeongezwa kwa kukata mwendo wa maji, shimo likapanuka kushoto na kulia, mshuko ungebaki karibu na ule wa mwanzo. Pia mashimo mawili mafupi yaliyotenganishwa na ukanda wa ardhi isiyochimbwa huinamisha maji kwa ngazi, na kila ngazi ina athari ndogo. Mwenye machimbo hupoteza changarawe ya ukanda huo. Nadhani ni bei ndogo, na mahali penye visima vya watu ingepaswa kuwa sharti la kwanza.

Hali hubadilika tena tope linapoingia. Changarawe huoshwa kabla ya kuuzwa, na maji ya kuoshea hubeba udongo laini unaotulia chini ya bwawa, hasa ukingo wa upande wa chini ambako maji hutokea. Ukingo huo ukiziba, bwawa hupanda, na visima vilivyo mbele yake hupata maji kidogo kuliko zamani. Mabwawa ya kutuliza tope yatengwe mbali na maji yaliyo wazi.

Jua, mafuta na kinyesi

Maji yaliyokuwa yamefunikwa kwa mita tano za ardhi sasa yanatazama jua. Bwawa la hekta 1 likipoteza milimita 5 kwa siku, kiasi cha kawaida kabisa katika nchi zetu, limepoteza lita 50,000: ndoo 2,500 za lita 20. Mvua inayoangukia bwawani hurudisha sehemu, na miti iliyokatwa ilikuwa nayo ikinywa, kwa hiyo hasara halisi ni tofauti ya hesabu hizo. Katika nchi ya mvua nyingi tofauti hiyo ni ndogo. Mahali kama Dodoma, ambako jua huvuta maji mara kadhaa zaidi ya mvua inayonyesha, bwawa ni kisima kinachochotwa mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya machimbo kufungwa.

Ardhi ile iliyoondolewa ilikuwa pia ikichuja. Udongo wa juu wenye viumbe hai huzuia vijidudu, hula sehemu ya mbolea na kushika mafuta. Ukishaondolewa, dizeli inayovuja kwenye tangi, oili ya mashine na kinyesi cha mifugo inayoletwa kunywa hufika kwenye maji bila kizuizi. Ujerumani hulinda visima vya umma kwa eneo ambalo maji huchukua siku 50 kulivuka, muda unaohesabiwa kuwa unatosha vijidudu vingi vya maradhi kufa njiani. Katika changarawe ya mfano wetu hizo ni mita 200, na bwawa likiwa katikati ya njia sehemu yote ya bwawa haimo katika hesabu, kwa maana ndani yake hakuna kinachochuja.

Visima vya kupimia

Upimaji huanza kwa kujua maji yanakwenda wapi, na kwa hilo visima viwili havitoshi. Vinahitajika vitatu au zaidi visivyo katika mstari mmoja, vyote vikiwa vimepimwa kimo chake na mpima ardhi kwa kutumia alama moja ya rejea. Bila kimo hicho, kusema maji yako mita 7 chini ni kusema umbali kutoka kwenye mdomo wa bomba tu. Huwezi kulinganisha visima viwili vilivyo juu ya vilima viwili.

Kisima cha kupimia ni chembamba. Bomba la PVC la inchi 2 linatosha, likiwa na matundu membamba katika kina cha changarawe, likafungwa kwa udongo wa bentonaiti sehemu ya juu ili maji ya mvua yasiteremke kando yake, na likawekwa kifuniko chenye kufuli. Vipangwe hivi: kimoja au viwili upande wa juu wa machimbo, kadhaa upande wa chini, na kimoja kati ya shimo na kila kundi la visima vya wananchi. Kisha kiwepo angalau kimoja mbali kabisa, katika tabaka hilo hilo lakini nje ya athari yoyote inayotarajiwa. Hiki cha mwisho ndicho kinachokatwa kwenye bajeti mara nyingi, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Mvua ikikosekana, visima vyote vitashuka. Tofauti kati ya kisima cha mbali na kile cha karibu ndiyo inayoonyesha kazi ya machimbo. Ripoti inayotangaza kwamba hakuna athari bila kuonyesha kisima cha kulinganishia haijasema lolote.

Kupima kwenyewe hakuhitaji elimu kubwa. Utepe wenye ncha ya chuma huteremshwa, ukigusa maji hulia, na namba husomwa kwenye alama ile ile ya mdomo wa bomba kila mara. Kijana wa kijiji akifundishwa asubuhi moja anaweza kuifanya kazi hii kila wiki kwa uaminifu kuliko mtaalamu anayekuja na gari mara mbili kwa mwaka. Vipo pia vinasa data vinavyoning'inizwa ndani ya maji na kurekodi shinikizo kila saa. Hivyo vinahitaji marekebisho ya hali ya hewa, kwa kuwa badiliko la milibari 1 la shinikizo la hewa huonekana kama sentimita 1 ya maji, na vinahitaji utepe wa kuvihakiki. Kando yake kiwekwe kipimamvua, na kitabu cha pampu: imewashwa saa ngapi, imetoa kiasi gani.

Kwa ubora wa maji, sampuli haichukuliwi kwenye maji yaliyolala bombani. Kwa kawaida hutolewa kwanza maji mara tatu ya ujazo wa kisima, hadi joto na uwezo wa kupitisha umeme vitulie. Chumvi, pH, utusitusi na naitreti hupimwa mara kwa mara. Mafuta na vijidudu hupimwa kwa ratiba na pale panapotokea mwagiko.

Miaka mingapi kabla

Hapa ndipo penye uzito wote. Maji ya ardhini hupanda na kushuka yenyewe, na asiyejua mwendo wake wa kawaida hawezi kutambua mwendo usio wa kawaida. Afrika Mashariki ina mfano bora wa jambo hili: Makutapora, eneo la visima lililo kaskazini mwa jiji la Dodoma, ambako usawa wa maji umepimwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Hakuna machimbo ya changarawe katika habari hii. Tabaka lake ni mwamba wa graniti uliooza. Lakini kumbukumbu yake ni miongoni mwa ndefu kuliko zote katika nchi za tropiki. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Ilionekana kwamba maji yale hayajazwi kila mwaka. Hushuka kwa miaka mfululizo, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa huyapandisha kwa kishindo, na msimu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997 na 1998.

Sasa fikiria machimbo yaliyofunguliwa pembeni ya tabaka kama hilo na kupimwa kwa mwaka mmoja tu kabla ya kazi. Kama mwaka huo ulifuata mvua kubwa, kila mshuko utakaofuata utahesabiwa kuwa kosa la machimbo. Kama ulikuwa mwisho wa ukame, mvua ya mwaka wa pili itapandisha maji na kuficha hasara ambayo wenye visima wataigundua miaka mitano baadaye, wakiwa hawana namba ya kuonyesha. Mwaka mmoja kamili wenye vuli na masika ni kiwango cha chini kabisa. Kwa upanuzi hakuna kisingizio: machimbo ya awali yamekuwapo kwa miaka, na mwenye nayo angeweza kupima siku zote hizo. Mwombaji wa upanuzi asiye na rekodi ya shimo lake la zamani aambiwe asubiri hadi awe nayo.

Namba inayosimamisha mashine

Rekodi pekee haizuii kitu. Kabla ya upanuzi, kila kisima cha kupimia hupewa viwango vilivyoandikwa. Kwa kisima cha mfano wetu, chenye maji ya mita moja na nusu, tofauti na kisima cha mbali ikizidi sentimita 30, upimaji unakuwa wa kila siku na chanzo kinatafutwa. Ikizidi sentimita 60, pampu inapunguzwa au maji yanarudishwa kwa mitaro. Ikifika sentimita 90, kazi chini ya usawa wa maji inasimama na wenye kisima wanaletewa maji kwa gharama ya machimbo hadi hali irudi. Namba hizi ni za mfano. Kila mahali zitokane na kina cha visima vya watu na pampu zao. Lililo muhimu ni kwamba zimekubaliwa mapema, pande zote zikiwa zimeketi pamoja, na kwamba takwimu zinabandikwa kijijini zikiwa mpya. Machimbo yanayokaa na vipimo vyake kwa siri hayawezi kudai kuaminiwa.

Sheria zinatoa nafasi ya haya. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari na inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka vibali vya maji mikononi mwa bodi za mabonde tisa, na leseni yenyewe hutolewa chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Nchini Kenya kazi hiyo imegawanywa kati ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kaunti nazo zina sauti. Makueni ilipitisha mwaka 2015 sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, baada ya miaka ya ugomvi mkali juu ya mito ya msimu ambayo mchanga wake ndio unaoshika maji ya kiangazi. Akina mama wa huko hufukua visima vya mchangani mto ukiwa mkavu. Mchanga ukisombwa na malori hadi mwambani, maji hayana pa kukaa, mvua inapita na kwenda zake. Walijua hivyo kabla ya mtaalamu yeyote kuja na utepe. Walichokosa ni kumbukumbu iliyoandikwa yenye nguvu mbele ya ofisi.

Baada ya kufungwa

Kusini mwa Uingereza, kwenye chimbuko la mto Thames, changarawe ya mawe ya chokaa imechimbwa tangu miaka ya 1920 juu ya tabaka la mfinyanzi, na yamebaki mabwawa zaidi ya 150 yanayojulikana kama Cotswold Water Park. Ndege na wavuvi wameyapata, na hilo ni jema. Lakini mwendo wa maji katika bonde zima umepangwa upya na mashimo yaliyochimbwa moja moja, kila moja likiwa na kibali chake. Shimo moja linaweza kupita mtihani wake na bonde likashindwa, ndiyo maana ramani ya upanuzi inapaswa kuonyesha pia mashimo ya jirani, yaliyo hai na yaliyokufa.

Kulijaza shimo si tiba ya hakika. Likijazwa mfinyanzi, linakuwa ukuta unaozuia maji kupita. Likijazwa takataka, linakuwa chanzo cha sumu ndani ya maji yenyewe. Kifusi safi kinachopitisha maji, kikikaguliwa lori kwa lori, ndicho kinachofaa. Na upimaji uendelee miaka kadhaa baada ya lori la mwisho kuondoka, kwa dhamana ya fedha iliyowekwa mapema, ambayo mwenye machimbo harudishiwi mpaka maji yatulie katika usawa uliotabiriwa. Visima vya kupimia visivyohitajika tena hujazwa saruji na bentonaiti kuanzia chini hadi juu, ili bomba lililosahauliwa lisibaki njia ya uchafu kuingia kwenye changarawe iliyobaki. Vinavyohitajika hukabidhiwa bodi ya bonde au jumuiya ya watumia maji, pamoja na funguo, utepe na vitabu vyote vya vipimo tangu siku ya kwanza.